Umenunua TV mpya, sabufa imekuwa bubu? Usiitupe, angalia haya kwanza

Runinga mpya imeshatundikwa ukutani. Picha inang'aa, watoto wamekaa kwenye zulia, mechi inaanza baada ya nusu saa. Baba anachomeka nyaya za sabufa kama zilivyokuwa kwenye TV ya zamani, anawasha, anaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Kinachosikika ni kasauti kembamba tu kutoka mgongoni mwa runinga yenyewe.

Wengi wakifika hapo wanahitimisha haraka: sabufa imeungua, au haiendani na TV mpya. Wengine wanarudi dukani na kuuziwa saundba ambayo hawakuipangia bajeti. Wengine wanamuita fundi, sabufa inafunguliwa, na kitu kilichokuwa kizima kinarudi kikiwa na tatizo jipya.

Kwa mwenye kibanda umiza, hili si suala la starehe tu. Watu wakilipa kiingilio halafu wasimsikie mtangazaji, wanadai hela yao.

Kumbe mara nyingi hakuna kilichoharibika. Sabufa iliyolia vizuri jana haifi leo kwa sababu tu TV imebadilishwa. Kilichopotea ni njia ya sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye spika. Njia hiyo inatafutika, tena mara nyingi bila bisibisi.

Kwa nini sauti inapotea

TV nyingi za chogo, na hata flati za mwanzo, zilikuwa na matundu ya rangi nyuma: la njano kwa picha, jeupe na jekundu kwa sauti. Nyingi zilikuwa na seti mbili. Moja imeandikwa AV IN, ya kuingiza. Nyingine AV OUT, ya kutoa. Sabufa ilichomekwa kwenye OUT na mambo yakaisha.

Runinga za siku hizi ni nyembamba na matundu yamepunguzwa. Nyingi zimebaki na AV IN peke yake. Sauti ya kutoka nje sasa inapitia HDMI, waya wa mwanga, tundu la COAXIAL, tundu la hedifoni au Bluetooth.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu anaona matundu mekundu na meupe, anachomeka nyaya za sabufa, rangi zinalingana, anaamini kamaliza. Lakini AV IN haitoi sauti, inapokea. Sabufa nayo inapokea. Ni kama watu wawili wamekinga ndoo, kila mmoja anasubiri mwenzake ammiminie maji.

Kwa hiyo swali la kwanza si "waya unaingia wapi?" Swali ni "sauti inatokea wapi?"

Hatua ya kwanza: hakikisha sabufa ni nzima

Kabla ya kugusa mipangilio ya TV, ipime sabufa peke yake. Chukua simu yenye tundu la hedifoni, tumia nyaya zilezile za kwenda AUX, piga muziki. Kwenye sabufa bonyeza INPUT mpaka ifike AUX.

Muziki ukilia, umeshajua mambo matatu kwa mpigo: sabufa ni nzima, spika ni nzima, na waya ni mzima. Tatizo liko upande wa TV.

Kama simu haina tundu hilo, tumia flashi au Bluetooth ya sabufa. Ila kumbuka, hapo umepima sabufa na spika tu. Waya wa AUX na tundu lake bado hujavipima.

Isipolia kabisa kwa njia yoyote, angalia spika nyuma kabla ya kulaumu chochote. Wakati wa kuhamisha vitu, nyaya za spika huchomoka kirahisi. Zima umeme kwanza, ndipo uzirudishe, na hakikisha nyuzi za nyaya mbili hazigusani. Zikigusana zinaweza kuunguza sabufa kweli.

Njia rahisi: tundu la hedifoni

Geuza TV utafute tundu dogo la duara lenye alama ya hedifoni au neno AUDIO OUT. Kama lipo, una bahati. Waya unaohitajika ni ule wenye pini moja ndogo upande mmoja, na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Pini ndogo iende kwenye TV, mbili ziende AUX ya sabufa.

Angalia usichanganye na tundu dogo lililoandikwa AV IN. Yanafanana kwa ukubwa, yote ni milimita 3.5, lakini la AV IN linapokea tu.

Ukichomeka na sauti ikawa ndogo, ongeza sauti ya TV kwa rimoti yake. Kwenye runinga nyingi tundu hili hufuata sauti ya TV. Iweke TV juu kiasi, halafu sauti ya kila siku uirekebishe kwenye sabufa. Kama spika za TV bado zinalia pamoja na sabufa, ingia kwenye mipangilio ya sauti uzizime.

Njia ya HDMI: si kila tundu linarudisha sauti

Homthieta zenye deki ya DVD au Blu-ray mara nyingi zina HDMI. Mtu anachomeka waya, CD inacheza, sauti inalia vizuri. Akibadili kwenda kwenye king'amuzi au YouTube ya TV, kimya. Anachanganyikiwa.

Sababu ni hii. HDMI ya kawaida inapeleka picha na sauti upande mmoja tu, kutoka kwenye deki kwenda kwenye TV. Ili sauti ya TV irudi kwenye homthieta kwa waya uleule, vifaa vyote viwili viwe na kitu kinachoitwa ARC. Teknolojia hii ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Homthieta ya kabla ya hapo, hata ikiwa na HDMI, hairudishi sauti. Na si kila iliyotengenezwa baada ya hapo inayo.

Angalia mambo manne:

1. Kwenye TV, waya uwe kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC. Runinga inaweza kuwa na matundu matatu ya HDMI, lakini kwa kawaida ni moja tu lenye ARC.

2. Kwenye homthieta, waya uwe kwenye HDMI OUT yenye neno ARC.

3. Washa mawasiliano ya vifaa, yanayoitwa CEC. Kila kampuni ina jina lake: Samsung wanaita Anynet+, LG wanaita SIMPLINK, Sony wanaita BRAVIA Sync, Philips wanaita EasyLink. TV mpya inaweza kuja ikiwa imezimwa.

4. Kwenye mipangilio ya TV, ingia "Sound", halafu "Sound Output" au "Speakers". Toa kwenye "TV Speaker", weka HDMI ARC au "Receiver". Kwenye homthieta yenyewe chagua TV, ARC au D.IN, kutegemea ilivyoandikwa.

Bado kimya? Zima vyote, chomoa umeme ukutani, subiri dakika chache. Washa TV kwanza, ikishawaka ndipo uwashe homthieta. Inaonekana kama ushauri wa kijiweni, lakini vifaa hivi hutambuana vinapowashwa, na mara nyingine vinahitaji kuanza upya. Ikishindikana, jaribu waya mwingine wa HDMI.

Njia ya mwanga: ondoa kofia

Kama ARC haipo, tafuta tundu la pembe nne lenye kamlango kadogo, limeandikwa OPTICAL. Hili linapeleka sauti kwa mwanga kupitia waya mwembamba. TV nyingi zinalo, na homthieta nyingi, hata za zamani kidogo, zinalo pia.

Kosa linalochekesha ni hili: waya mpya huja na vikofia vidogo vya plastiki angavu kwenye ncha zake. Usipoviondoa waya hauingii vizuri, na mtu anausukuma kwa nguvu mpaka anavunja kamlango.

Kupima ni rahisi. Chomeka upande wa TV, washa, halafu elekeza ncha nyingine kwenye kiganja au karatasi. Ukiona mwanga mwekundu, TV inatoa kitu. Usiuchungulie kwa jicho. Na usiukunje waya kwa pembe kali kama waya wa umeme, maana ndani yake kuna uzi wa kupitisha mwanga na unaweza kukatika.

Jambo moja zaidi: kwa njia hii, kwenye TV nyingi rimoti ya TV haipandishi wala haishushi sauti. Unatumia rimoti ya sabufa. Si ubovu.

COAXIAL: tundu linalodanganya

TV nyingi za bei nafuu zina tundu moja la duara lililoandikwa COAXIAL au COAX. Linafanana kabisa na yale mekundu na meupe, kwa hiyo mtu anachomeka waya mwekundu wa sabufa hapo na kutegemea sauti.

Haitoki. Au unatoka mkwaruzo tu. Tundu hilo linatoa sauti ya kidijitali, yaani sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu. AUX ya sabufa inataka sauti ya kawaida, ya analojia. Waya unaingia, lakini lugha ni tofauti.

Konveta: kisanduku kidogo kinachookoa sabufa

Sasa, kama TV ina OPTICAL au COAXIAL tu, na sabufa ina AUX tu, kuna mkalimani. Ni kisanduku kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analojia. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, na ni nafuu mno ukilinganisha na kununua sabufa nyingine.

Upande mmoja kina matundu ya OPTICAL na COAXIAL ya kuingiza, upande wa pili nyekundu na nyeupe za kutoa. Kinatumia umeme mdogo wa volti 5, kwa hiyo kinaweza kuchomekwa hata kwenye tundu la USB la TV. Kisipopata umeme huo, hakitoi kitu.

Dukani kuwa makini. Kuna vya kugeuza kinyume, kutoka analojia kwenda dijitali, na kwa nje vinafanana. Kuna pia vya kugeuza HDMI kuwa nyaya za rangi tatu, hivyo ni vya picha na kazi yake ni nyingine. Muombe muuzaji akijaribu mbele yako.

Neno moja kwenye mipangilio: PCM

Wengi wanafika hapa, kila kitu kimechomekwa sawa, mwanga unawaka, lakini bado kimya au sauti inakwaruza. Tatizo ni mipangilio.

TV inaweza kutoa sauti ya kidijitali kwa namna mbalimbali. Ikiwekwa "Auto", "Bitstream" au "Dolby Digital", inatuma sauti iliyofungwa ambayo lazima ifunguliwe na kifaa cha upande wa pili. Konveta za bei ndogo haziwezi kuifungua. Zinataka PCM.

Ingia "Sound", kisha "Expert Settings" au "Advanced", tafuta "Digital Audio Out" au "Digital Output Audio Format". Weka PCM. Kama tatizo lilikuwa hili, sauti inarudi hapohapo.

Kwa mwenye homthieta ya spika 5 na sabufa yake, ile ya 5.1, mambo ni kinyume kidogo. PCM kwa waya wa mwanga au ARC ya kawaida inabeba njia mbili tu, kulia na kushoto. Akitaka sauti ya mzunguko kwenye filamu, arudishe Dolby Digital, maana homthieta yake inajua kuifungua.

Spika mbili zinalia, nyingine zimelala

Hili nalo hulalamikiwa sana. Nyuma ya baadhi ya sabufa kuna matundu sita yaliyoandikwa 5.1 INPUT au DVD, na mawili yaliyoandikwa AUX. Ukichomeka nyekundu na nyeupe kwenye yale sita, zitalia spika mbili za mbele tu. Hamishia AUX, na uchague AUX kwenye INPUT.

Homthieta nyingine zina kitufe cha Pro Logic kinachosambaza sauti ya njia mbili kwenye spika zote. Kibonyeze kabla ya kuamini kuwa spika za nyuma zimekufa.

Njia ya mkato: chukua sauti kwenye king'amuzi

Kama kinachotazamwa zaidi ni king'amuzi, si lazima sauti ipite kwenye TV. Ving'amuzi vingi vina matundu ya AV ya kutoa, na vinaendelea kutoa sauti hapo hata picha ikiwa inapita kwenye HDMI. Picha iende kwenye TV kwa HDMI, nyekundu na nyeupe ziende moja kwa moja kwenye sabufa. Halafu TV inawekwa kimya.

Kama king'amuzi kina tundu dogo la AV, tumia waya uliokuja nacho. Mpangilio wa ndani wa nyaya hizo hutofautiana kati ya watengenezaji, na waya wa kifaa kingine unaweza kupeleka picha mahali pa sauti. Dalili yake ni mngurumo mzito kwenye spika. Jaribu kuchomeka ule wa njano mahali pa nyekundu au nyeupe. Mara nyingine sauti inajitokeza hapo.

Ubaya wa njia hii ni kwamba sauti ya YouTube na programu za ndani ya TV haitapita huko. Kwa kibanda umiza cha mpira, pengine hilo halina shida.

Bluetooth inafaa, ila midomo inachelewa

Kama TV na sabufa zote zina Bluetooth, ziunganishe kama simu. Inafanya kazi, lakini sauti inaweza kuchelewa kidogo. Kwenye muziki hutaona. Kwenye taarifa ya habari, mtangazaji ataonekana anafunga mdomo kabla neno halijafika. Baadhi ya TV zina mpangilio wa kulinganisha picha na sauti. Zisipokuwa nao, waya ni bora.

Filamu hii inalia, ile hailii

Mwingine anasema sauti ipo kwenye king'amuzi, ipo YouTube, lakini filamu fulani za kwenye flashi ni bubu. Hapo nyaya hazina kosa.

Filamu nyingi za flashi zina sauti ya aina ya DTS, na si kila TV inaifungua. Samsung waliiacha kwenye runinga zao kuanzia za mwaka 2018. LG nao waliiacha mwaka 2020, kabla ya kuirudisha kwenye baadhi ya runinga za 2023. Kwa hiyo TV ya zamani inaweza kucheza filamu ambayo mpya inashindwa.

Suluhisho ni kuchomeka flashi kwenye deki au homthieta yenyewe kama inaifungua DTS, au kutafuta filamu hiyohiyo yenye sauti ya aina nyingine.

Fundi aitwe lini?

Fundi ana nafasi yake. Muite kama sabufa imeshindwa kulia hata kwa simu na flashi, kama kuna harufu ya kuungua, kama fyuzi inakatika kila ikiwashwa, au kama tundu la HDMI limelegea ndani. Usiifungue mwenyewe. Hata ikiwa imechomolewa, ndani kuna vifaa vinavyoweza kubaki na chaji ya umeme.

Lakini akija, mweleze ulichokwisha kupima. "Kwa simu inalia, kwa TV hailii" ni sentensi fupi, na inamzuia mtu kuchaji hela ya kutengeneza kitu kizima.

Kwa anayekwenda kununua TV

Kabla ya kwenda dukani, piga picha mgongo wa sabufa yako kwa simu. Ukifika, usiangalie ukubwa wa kioo na bei tu. Omba TV igeuzwe, usome matundu yake ukilinganisha na picha. Tafuta alama ya hedifoni, OPTICAL, COAXIAL, ARC. Kama hakuna linaloendana na sabufa yako, nunua konveta sikuhiyohiyo au chagua TV nyingine.

Kwa ambaye tayari ameshanunua na amekaa kwenye ukimya, aanze na simu na waya wa AUX. Ndani ya dakika tatu atajua kama ana sabufa mbovu, au ana sabufa nzima iliyochomekwa mahali ambapo sauti haitoki.